Duka la Mbolea na Barabara ya Kopenhagen

Sikwenda Ulaya kutalii. Nilitumwa, na walionituma ni wenye maduka wa mtaa wetu hapa Nyeri mjini, watu ambao kwa kawaida hawakubaliani hata juu ya nani afagie mtaro. Safari hii walikubaliana jambo moja tu: kwamba mimi, Mama Wambui, mwenyekiti wao, niende nikaone kwa macho yangu, halafu niwaletee jibu la ndiyo au hapana.

Swali lenyewe lilikuwa hili. Watu wa kaunti walikuja na mchoro wa kupendeza, wenye miti ya kijani na watu wembamba wanaotembea, wakasema wanafikiria kuufunga mtaa wetu usipitiwe na magari, kwa majaribio kwanza. Wakatuuliza sisi wenye maduka kama tunakubali. Kanti alikubali kabla hawajamaliza kuukunja mchoro. Kanti ni jirani yangu, tunagawana ukuta. Babu yake alitoka India akafungua duka lile la vitambaa, na yeye mwenyewe alizaliwa katika chumba cha nyuma cha duka hilo. Kikuyu anakijua kuliko watoto wangu. Vumbi na moshi wa magari vimemharibia vitambaa miaka yote, kwa hiyo furaha yake naielewa.

Mimi nauza mbolea, mbegu, chumvi ya ng'ombe, chakula cha ng'ombe na cha kuku. Hakuna mtu anayebeba mfuko wa mbolea begani huku akitazama vioo vya maduka. Wateja wangu ni wakulima wa vijiji vya Tetu. Wanakuja na pikapu au bodaboda, wanasimama mlangoni, tunapakia, wanaenda. Ukiondoa gari mlangoni pangu umeniondoa na mimi. Duka hilo nililianzisha na marehemu mume wangu, na ndilo lililomsomesha binti yetu Wambui mpaka akapata kazi ya uuguzi huko Kopenhagen, Denmark.

"Iko barabara moja huko kwa Wambui," Kanti alisema kwenye mkutano wetu, ameshika simu juu kama mhubiri. "Ndiyo kubwa ya maduka. Walitoa magari kitambo sana. Saa hii inajaa watu kuliko Karatina siku ya soko."

"Wewe umeiona?" nikamuuliza.

"Nimeiona kwa simu."

"Kwa simu hata mimi ni mrembo."

Watu wakacheka, lakini Kanti hakucheka. "Si huyo mtoto amekuwa akikuita kila mwaka? Enda basi. Ukirudi useme hapana, mimi nitanyamaza. Haki ya Mungu."

Basi nikakubali. Nikiri kwamba jibu nilikuwa nalo tayari mfukoni. Nilitaka tu kulipitisha ng'ambo lirudi na heshima.

Tulipoondoka Nyeri kulikuwa na manyunyu ya mwezi wa sita, ile baridi yetu inayoingia mpaka kwenye sukari. Shemeji yangu Muriuki alinipeleka uwanja wa ndege kwa pikapu yake. Tukapita Karatina, tukapita Sagana, na tulipofika Kenol nikamwambia asimame. Kenol ni njia panda na kila biashara pale inaishi kwa gari. Mahindi, ndizi, maparachichi na chaja za simu vyote vinauzwa kupitia dirishani. Nilitaka kuanza kukusanya mashahidi wangu mapema.

"Hii mji ikikosa magari itakuwa namna gani?" nikamuuliza mwanamke aliyeniuzia ndizi.

"Si itakuwa shamba," akajibu bila kunitazama. Alikuwa anaangalia basi lililoanza kupunguza mwendo, na kabla sijapokea chenji yangu akawa amelikimbilia.

"Umesikia?" nikamwambia Muriuki.

"Nimesikia. Umeuliza muuza maziwa kama turungi, chai isiyo na maziwa, ni tamu."

Sikumjibu mpaka Thika.

Kopenhagen nilifika mchana. Wambui alikuwa amesimama na maua mkononi, nikadhani kuna mgonjwa. Akanikumbatia, akalia kidogo, nami nikalia kidogo, kisha akaniingiza kwenye treni. Nikaenda mbele kabisa nikae nyuma ya dereva, kama ninavyopenda. Dereva hakuwepo. Palikuwa na kioo tu, na reli zinatukimbilia. Nikamuuliza Wambui treni ikikosea tutagombana na nani, akasema tulia, mama. Nilitulia kwa nje.

Jioni ile ile nikamwambia anipeleke kwenye barabara yenyewe, maana nimetumwa. Akasema maduka yamefungwa. Nikatazama nje. Jua lilikuwa limewaka kama saa tisa ya kwetu.

"Yamefungwa namna gani na jua liko hapo?"

"Mama, ni saa mbili na nusu usiku."

Nimeendesha duka miaka mingi nikifuata jua. Kwetu jua na kufuli vinakwenda pamoja. Hapa jua limebaki peke yake na watu wa duka wamekwenda kula. Lakini hilo si lililonichanganya zaidi. Tulipofika, tukakuta maduka yamefungwa kweli, na barabara imejaa watu. Vijana, wazee, watoto mabegani, mtu mmoja anapiga gitaa, mwingine amejipaka rangi ya fedha amesimama kimya kama nguzo. Hakuna gari hata moja. Ni mawe yaliyopangwa vizuri kutoka ukuta wa huku mpaka ukuta wa kule, na watu katikati.

"Wamekuja kununua nini?" nikauliza.

"Hawanunui. Wanatembea."

"Wanakwenda wapi?"

"Mwisho."

"Halafu?"

"Halafu wanarudi."

Nikatafuta kibao cha jina la barabara ili nipige picha, akina Kanti waone nilifika. Jina ambalo Kanti alinipa ni Strøget, nami nililifanyia mazoezi tangu Nairobi. Kibao cha kwanza kikasema jina lingine. Tukatembea, cha pili kikasema jina lingine tena. Cha tatu vilevile. Nikaanza kumshuku binti yangu.

"Wambui, hii ndiyo barabara?"

"Ndiyo hii, mama. Strøget ni jina la watu tu. Ni barabara kadhaa zimeungana, na kila moja imebaki na jina lake la zamani."

Basi nilikuwa nimesimama mahali ambapo kila mtu anapajua, na ukutani hapajaandikwa. Nikapiga picha ya tumbo la yule mtu wa fedha, tukarudi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata Wambui hakuwa na zamu, akanitembeza tena kutoka mwanzo akinieleza. Mwanzo ni kwenye uwanja mpana ulio mbele ya jengo la manispaa, jengo la matofali mekundu lenye mnara wa saa. Zamani, akasema, hapo karibu ndipo palikuwa na lango la magharibi la mji, kwa maana mji wote ulizungukwa na ukuta na maji. Mkulima akitoka shamba aliingilia hapo, akafuata njia hii hii mpaka sokoni.

"Na gari lake?" nikauliza.

"Mkokoteni wa farasi."

"Mkokoteni ni gari," nikamwambia, nikaliweka hilo akilini.

Tukafika kwenye viwanja viwili vinavyotazamana. Kimoja ndicho soko la zamani kuliko yote mjini, na kina chemchemi katikati. Kingine kina mahakama yenye nguzo nene, na mbele yake zamani wahalifu waliadhibiwa mchana kweupe watu wakitazama. Sasa pale watu walikuwa wanakunywa kahawa. Wambui akasema mji huu umeungua kwa mioto mikubwa katika karne ya kumi na nane, mara mbili, na kila mara watu walijenga upya juu ya majivu, nyumba zikawa za mawe na pembe zake zikakatwa ili magari ya zimamoto, yale ya kukokotwa, yapinde vizuri. Nikatazama pembe za nyumba, nikaona kweli zimekatwa. Hapo nikachanganyikiwa tena. Walipanua njia kwa ajili ya magari, kisha wakayatoa.

Mbele zaidi ni uwanja uitwao Amagertorv, na hapo nilisimama muda mrefu. Wambui alisema ng'ambo ya maji kuna kisiwa kinaitwa Amager. Mfalme mmoja wa zamani alileta wakulima kutoka Uholanzi akawapa ardhi huko wamlimie mboga, na wajukuu zao kwa vizazi vingi walikuja kuuza kabichi na karoti hapa hapa tuliposimama. Nikafikiria akina mama wa kwetu katika soko la Gakindu wamepanga sukumawiki zao chini. Nikatafuta kabichi kwa macho. Duka lililokuwa mbele yangu lilikuwa la sahani nyeupe zenye maua ya buluu, na sahani moja ilikuwa na bei ya ndama.

"Na hao wakulima walienda wapi?"

"Mama, hiyo ni zamani sana."

"Najua ni zamani. Nauliza walienda wapi."

Wambui akanivuta mkono. Tukaendelea mpaka mwisho wa barabara, kwenye uwanja mkubwa wa mfalme wenye sanamu ya mtu juu ya farasi. Hapo ndipo aliponieleza lile nililotumwa kulisikia. Magari yalipita humu mpaka mwanzoni mwa miaka ya sitini. Barabara ni nyembamba, watu walikuwa wanabanwa ukutani. Manispaa ikasema itaifunga kwa majaribio, na ikaanza mwezi wa Novemba, wakati wa baridi kali. Wenye maduka walikasirika. Walisema gari ndilo linaloleta mteja. Walisema pia kwamba watu wa nchi ya baridi hawana desturi ya kutembeatembea nje kama wale wa kusini kwenye jua.

"Halafu?"

"Halafu watu wakaja, mama. Kila mwaka wakazidi. Majaribio hayakuisha mpaka leo."

 Wenye maduka wale walisema maneno yangu mimi, kila neno, na walikuwa wameshindwa.

Siku ya tatu Wambui alikwenda kazini, nikatoka peke yangu asubuhi. Nilipofika barabarani nikasimama kama mtu aliyeona mzimu. Malori. Barabara isiyo na magari ilikuwa na malori marefu yanashusha masanduku mbele ya kila duka, madereva wakipigiana kelele kama wetu. Mtu aliyekuwa anafagia alinieleza kwa Kiingereza kwamba mizigo inaruhusiwa asubuhi, kisha mchana yote yanaondoka. Moyo wangu uliruka. Kumbe iko njia. Tungesema Nyeri vilevile: pikapu asubuhi, watu mchana. Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipowakumbuka watu wa Tetu wenyewe. Asubuhi wanakama, wanapeleka maziwa kwa chama cha ushirika, wanakata nyasi. Mjini wanafika jua likiwa juu. Ng'ombe hatasubiri kaunti.

Maduka yakafunguliwa saa nne, nami nikaingia la kwanza kuona kama biashara ipo. Na hapo ndipo mila zetu ziliponishika shingo. Kwetu, mteja wa kwanza wa asubuhi haachwi atoke mikono mitupu. Muuzaji atashusha bei mpaka aumie, kwa sababu huyo ndiye anayeifungua siku. Na mteja mwenye adabu, akijua ni wa kwanza, haingii kama hana nia. Nilitazama nyuma nikaona duka lote tuko mimi na msichana wa kuuza. Ningetokaje? Nikanunua kitu kidogo kuliko vyote, brashi ya kusafishia uyoga. Nyumbani kwangu hatuli uyoga. Nikasubiri anipunguzie kwa kuwa mimi ndimi mfunguzi, yeye akasubiri nilipe, tukatabasamiana hivyo mpaka nikalipa.

Duka la pili, nami tena wa kwanza. Mshumaa mwekundu. La tatu, soksi za mtoto mchanga, ambaye Wambui hajamzaa wala hajamtaja. Nikaona nikiendelea hivi nitarudi Nyeri na kontena. Nikaamua kuwa nitasimama nje mpaka mtu mwingine aingie kwanza anitolee mkosi.

Nilikuwa nimekata kona kidogo, kwenye njia nyembamba inayotoka katika ile barabara kubwa, mbele ya kiduka cha vifungo na nyuzi kilicho chini ya ngazi. Nikasimama. Hakuna aliyeingia. Nikaendelea kusimama. Mwishowe mlango ukafunguliwa, akatoka bibi mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, miwani kifuani.

"Unalichunga duka langu?" akauliza. Tuliongea Kiingereza, chake kizuri, changu cha sokoni.

"Nasubiri mteja."

"Na mimi pia nasubiri," akasema. "Kwa nini unamsubiri mteja wangu?"

Nikamweleza. Nikamwonyesha brashi, mshumaa na soksi. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, kisha akasema niingie, ameshanunua yeye mwenyewe kifungo kimoja asubuhi hiyo, siku imekwisha kufunguliwa. Sikumwamini, lakini baridi ilinisukuma. Jina lake ni Birthe. Akanipa kahawa, nikamwambia walionituma na nililotumwa. 

"Baba yangu alikuwa na duka huko kwenye barabara kubwa," akasema. "Misumari, makufuli, ndoo, kamba, majembe. Nilikuwa msichana walipoyatoa magari."

Nikaweka kikombe chini. "Alikubali?"

"Alikataa. Alikwenda mikutano yote akakataa."

"Na duka?"

"Mtu wa ndoo nne na kamba hatembei nazo katikati ya watu. Alikuja na gari. Gari likakosa pa kusimama, naye akaenda kwingine. Wakaja watu wapya, wengi, wengi sana, lakini hawakutaka misumari. Mwenye nyumba akaona watu hao, akapandisha kodi. Baba akahamia nje ya mji. Hakupapenda mpaka alipokufa."

"Sasa pale pana nini?"

"Viatu."

Nikamuuliza kama basi wale wenye maduka walikuwa na haki. Akatikisa kichwa. Baba yake, akasema, alisema kweli juu ya duka lake, na akakosea kabisa juu ya barabara. Barabara ilipona. Nikamuuliza juu ya wale waliofurahi tangu mwanzo, wenye vitambaa na kofia. Akasema wengi wao nao waliondoka baadaye, kodi iliwafuata.

"Kwa hiyo lilikuwa jambo zuri au baya?"

"Zuri," akajibu haraka. "Watoto wangu walijifunza kutembea humu. Baba angekuambia baya. Hakuwa mjinga."

"Sasa mimi nikaseme nini Nyeri?"

Birthe akavaa miwani yake. "Mimi nauza vifungo," akasema.

Nilitoka pale nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia, na vifungo sita vya buluu mkononi, maana kahawa ya mtu hainywewi bure. Nikarudi Amagertorv. Kuna chemchemi pale yenye sanamu za korongo, na watu wameketi kuizunguka. Miguu iliniuma nikaketi. Mama mmoja wa umri wangu alikuwa anakula aiskrimu kando yangu, amevua viatu. Hakuniuliza nauza nini wala namngoja nani. Watoto wawili walikuwa wanakimbizana katikati ya barabara kuu ya mji mkuu wa nchi, na mama yao hata hakuinua kichwa. Nilijaribu kukumbuka ni lini niliketi nje mjini Nyeri bila kungoja mtu au mzigo. Nilikosa. Nimeishi mtaa ule tangu nikiwa bibi arusi, na sijawahi kuketi. Nilipandwa na uchungu ambao sikuujua umetoka wapi, nikalia pale pale mbele ya korongo, na yule mama akanipa kitambaa cha karatasi, akaendelea na aiskrimu yake.

Siku zilizobaki nilipita katika barabara ile kila siku. Sikutafuta tena ushahidi. Nilikuwa napenda tu kwenda mwisho na kurudi, na nilijionea haya kwa kuipenda.

Niliporudi Nyeri mvua ya manyunyu ilikuwa bado haijaamua kunyesha wala kuacha. Asubuhi nikafungua duka. Pikapu ya kwanza ikarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, tukaanza kupakia chakula cha ng'ombe. Watoto wa shule walikuwa wanapita. Wakasimama, wakajibana kati ya tairi na ukuta wa Kanti, mmoja akaingia mtaroni na kiatu chote. Hawakulalamika. Wamezoea. Mimi pia nilikuwa nimezoea, ndiyo sababu nilikuwa sijawaona miaka yote hiyo.

Kwenye mkutano walijaa mpaka mlangoni. Nikasimama nikaeleza kila kitu, malori ya asubuhi, wakulima wa kabichi, Birthe na baba yake. Mambo yakawa hivi: nilipotaja watu wanaojaa, upande wa Kanti ukapiga makofi. Nilipotaja duka la misumari, upande wa wenye mizigo ukapiga makofi. Kila mtu alichota lake akaacha la mwenzake.

"Kwa hivyo jibu ni gani?" fundi wa baiskeli akauliza. "Ni ndiyo ama ni hapana? Wewe ndio tulituma."

"Barabara itapona," nikasema. "Duka langu litakufa. Na Kanti, hata wewe usipige makofi sana. Kodi itapanda, itakutafuta na wewe."

Kanti alikuwa amekunja mikono. "Hiyo ya kodi umeongeza wewe," akasema.

"Sijaongeza. Nimeambiwa na mwenye vifungo."

Wakainua mikono. Tukahesabu, tukarudia, zikalingana. Kura ya mwenyekiti ndiyo ingeamua. Wote wakanigeukia, na wenye mizigo walikuwa wanatabasamu kwa sababu walijua ninauza nini. Nilimfikiria mume wangu akipaka rangi mlango ule. Nilimfikiria yule mtoto na kiatu chake mtaroni. Nilikasirika sana, sijui nilimkasirikia nani. Nikainua mkono upande wa ndiyo.

Hakuna aliyepiga makofi. Kanti alinifuata mpaka nje.

"Mama Wambui, mimi sikutaka uumie. Nilitaka tu vumbi iishe."

"Najua, Kanti."

"Sasa utaenda wapi?"

"Huko chini, barabara ya Tetu. Nimeona kibanda."

Siku majaribio yalipoanza, waliweka mapipa na kamba pande zote mbili za mtaa. Watu walitembea katikati ya lami wakigeuka nyuma kila mara kutazama kama kuna gari. Mimi nilikuwa nimeanza kuhamisha mizigo kwa mkokoteni. Nikiulizwa nilichojifunza safarini, ni kwamba jambo linaweza kuwa jema kwa watu wote na likamwangukia mmoja, na huyo mmoja akawa ndiye aliyelipitisha. Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa. Siku zingine nikipita pale na kuona wazee wameketi kwenye mabenchi nafurahi, siku zingine nafika nyumbani nimenuna.

Siku hiyo ya kwanza alikuja mama mmoja mzee wa Tetu, mteja wangu tangu tulipofungua. Alishushwa kule kwenye mapipa akatembea, anahema, mkono kiunoni. Akanunua mfuko wa chakula cha ng'ombe, akageuka kutafuta gari la kuupakia.

"Gari iko wapi?"

"Haziingii tena, mama. Ni mpaka huko stejini kwenye mapipa. Na wiki ijayo mimi nitakuwa huko chini, barabara yenu."

"Na huu mfuko utafika namna gani?" Akautazama mfuko, akanitazama mimi. "Ni nani alikubali hii maneno?"

"Ni mimi," nikamwambia.

Akaurekebisha mtandio wake.

"Basi beba," akasema.

Nikaubeba.